Simu ya Jumamosi katika Duka la Kahawa

Kahawa ya kwanza niliyokunywa Hamburg niliinywa nimesimama, koti mwilini, mkoba begani, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kuhojiwa. Meza za duka lile, karibu na stesheni kuu ya treni, zilikuwa ndefu zikifika kifuani, na hapakuwa na kiti hata kimoja. Wanaume wenye mikoba ya ngozi waliingia, wakanywa, wakafuta midomo, wakatoka. Kwetu mtu akinywa kitu amesimama unamuuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Nilitaka kuuliza, lakini sikuwa na lugha ya kuulizia, basi nikanywa haraka kama wao, nikajiunguza ulimi.

Aliyenipeleka pale alikuwa daktari mwanamke kutoka Ethiopia, mwenzangu katika mafunzo. Alikuwa amenizidi umri, akaniita dada mdogo tangu siku ya kwanza, na tuliongea Kiingereza chetu cha kuokoteza. Alionja kikombe chake, akakirudisha mezani polepole.

"Hii wameiunguza," alisema. "Katika mji mzima lazima yupo mtu anayejua kahawa. Tutamtafuta."

Mimi sikujua kama imeunguzwa au la. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya Ifakara. Kazi yangu ilikuwa kutazama damu kwenye darubini na kutafuta vijidudu vya malaria. Kahawa niliijua kwa harufu tu. Muuzaji alipita sokoni na birika lake juu ya makaa akigonganisha vikombe, na wanaume waliokaa kwenye mabenchi mbele ya maduka walinunua na kashata. Sisi wanawake wa mtaa wetu wa Katindiuka tulikunywa chai, ya maziwa yakipatikana, ya rangi yasipopatikana. Ilikuwa miaka ya tisini, masika yanakaribia, nilipochaguliwa kwenda Ujerumani kujifunza mbinu mpya za kupima damu. Nilimwacha mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yetu mdogo. Mama yangu nilimwacha kijijini Mofu, kwenye mpunga wake.

Niseme kweli, nilianza kuogopa kabla ya kuwa na sababu. Niliogopa milango ya kioo iliyojifungua yenyewe. Niliogopa kupoteza ufunguo wa bweni. Zaidi niliogopa kule kuulizwa. Katika maduka ya kahawa mtu haulizwi tu kama anataka kahawa. Anaulizwa ya nchi gani, kubwa au ndogo, na maziwa yenye povu au yasiyo na povu, na nyuma yako watu wamepanga mstari wakikusikiliza unavyokosea. Nilikariri maneno barabarani kama mtoto aliyetumwa dukani, nikifika mbele ya kaunta yananitoka yote. Mara moja niliomba kahawa nikapewa kipande cha keki ya plamu. Niliila nikashukuru.

Lakini daktari hakuchoka. Kila Jumamosi tulipanda treni ya chini ya ardhi kwenda mtaa tusioujua. Tuliingia kwa Waitaliano, kwenye mashine ya shaba inayopiga mluzi, nikapewa kikombe ambacho binti yangu angemnyweshea mwanasesere wake. Ilikuwa chungu kama kwinini, nikamwambia hivyo daktari, akacheka mpaka akashika kaunta. Tuliingia kwenye duka la vijana lililojaa moshi wa sigara, na mbwa amelala juu ya kiti. Tuliingia kwenye mgahawa wa wanawake wazee wenye kofia za manyoya, ambako tulipokaa tu mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena kwa sauti ya chini. Siku ile sikumaliza kikombe.

Duka tulilolitafuta tulilipata mtaa wa Altona, kwa sababu ya harufu. Lilikuwa dogo, madirisha yamejaa ukungu, na nyuma ya kaunta mama mmoja wa makamo alikuwa anakaanga buni kwenye pipa la chuma linalozunguka. Magunia yalisimama ukutani. Moja liliandikwa jina la nchi yangu. Nililisoma mara mbili kama mtu aliyeona picha yake katika gazeti.

Yule mama aliniona ninavyolitazama. "Ya kwenu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ya nchi yangu. Lakini hiyo ni ya milimani, kaskazini. Mimi natoka bondeni. Sisi tunalima mpunga."

Alitupimia kahawa ya gunia lile, akaisaga, akaimwagia maji taratibu kwenye karatasi ya kuchujia. Daktari alionja, akasema huyu anajua. Tukapata pa kukaa, viti viwili vya mbao karibu na joto la pipa. Tukaacha kutafuta.

Wiki iliyofuata ofisi ya maabara ya kwetu ilituma faksi kuhusu vifaa vilivyoagizwa. Chini kabisa, mwenzangu wa kazini aliongeza kwa mkono: mvua ni kubwa mno mwaka huu, barabara ya Mofu imekatika, watu wa mashambani wanahama.

Anayelijua Bonde la Kilombero anaelewa maneno hayo. Wakati wa kilimo watu wa Mofu hawakai kijijini. Wanahamia mashambani, mbali, wanajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka huko wanalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji ya kawaida hupita chini ya dungu bila shida. Maji yasiyo ya kawaida huondoka na dungu lenyewe. Mama alikuwa huko peke yake. Baba alikuwa ameshafariki zamani. Kijijini alikuwepo kaka yake mama, mjomba wangu, mvuvi, ambaye nilipokuwa mdogo alinivusha mabegani kwenda shule maji yalipojaa. Nilijipa moyo kwamba mjomba yupo na mtumbwi wake upo.

Simu ya bwenini ilikuwa ndani ya ofisi ya msimamizi, na Jumamosi ofisi hiyo ilifungwa. Mume wangu naye Jumamosi ndiyo siku pekee aliyoweza kukaa posta kusubiri laini. Yule mama wa duka aliponikuta natetemeka kwenye kibanda cha simu mtaani, mvua ikininyeshea, nikijaribu kupiga posta ya Ifakara, alinishika mkono akaniingiza ndani. Alinionyesha simu iliyotundikwa ukutani.

"Wape namba hii. Wapige hapa," alisema.

Nikaituma kwa faksi. Jumamosi nilikaa chini ya simu ile na kikombe mkononi, na kila ilipolia nilisimama, na kila mara ilikuwa ya mteja mwingine. Karibu saa sita mchana yule mama aliniita kwa kidole. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba: alizima mashine ya kusagia ili nisikie.

"Hatujambo," sauti ya mume wangu ilisema kutoka mbali. "Mtoto hajambo. Mama hajambo."

"Mama yuko wapi?"

Akakohoa. "Yupo."

"Yupo wapi?"

"Huko huko Mofu. Maji yamepungua kidogo."

"Umemwona kwa macho yako?"

Palikuwa na mlio wa laini, kama mchanga unaomwagwa. "Wewe soma kwanza," alisema. "Usijitie mawazo. Ukirudi tutazungumza."

Laini ikakatika. Sikumbuki nililipia nini wala nilimwambia nini daktari. Nakumbuka maneno yale tu, ukirudi tutazungumza.

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Tunaona ni huruma: yuko mbali, hana wa kulia naye, atakufa kwa mawazo. Kazini tulikuwa na mwenzetu aliyesoma nje. Alirudi na zawadi ya shati kwa baba yake, akapelekwa moja kwa moja makaburini, nyasi zimeshaota. Barua zote alizopokea huko ziliandikwa baba anakusalimu. Tangu nilipomwona mtu yule ameshika shati mkononi nilijua kwamba siku nikienda mbali nami, sitaweza kuamini salamu. Sasa nilikuwa mbali.

Nilimweleza daktari. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Sisi pia tuna tabia hiyo," alisema. "Basi huwezi kujua. Neno hajambo linaweza kuwa ni kweli."

"Linaweza."

"Unaweza kukaa hivyo bila kujua?"

"Sijui."

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kahawa kweli kweli, nadhani kwa sababu sikuweza kukaa chumbani. Saa za mapumziko nilitoka maabara nikaingia duka lolote lililo karibu, hata lile la kusimama. Sikuogopa tena kuagiza. Hofu ndogo zote zilikuwa zimemezwa na ile moja. Nilikunywa bila kuonja na kuangalia watu mlangoni, na moyo ulipiga mbio hadi nikahisi shingo inacheza. Kwenye darubini slaidi zilitikisika. Mkufunzi wetu aliniuliza kama naumwa. Siku moja nilihesabu vijidudu nikajikuta sikumbuki kama nimeanza upande wa kulia au wa kushoto, nikaanza upya, nikapotea tena. Daktari aliichukua mikono yangu na kuiweka juu ya meza.

"Nusu ya kutetemeka huku ni mama yako," alisema. "Nusu nyingine ni kahawa. Kahawa unaweza kuiacha."

Sikuiacha. Niliogopa kwamba nikiiacha itabaki ile nusu nyingine peke yake.

Jumamosi ya pili simu haikulia. Nilikaa pale tangu duka lilipofunguliwa. Watu waliingia na miavuli, wakanunua kahawa ya kupeleka nyumbani, wakaniangalia, wakatoka. Niliwaza kila kitu. Nikiona sababu nzuri, kwamba laini ya Dar es Salaam imeharibika kwa mvua, mara nasikia kikohozi cha mume wangu. Yeye hajui kudanganya, ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana kikohozi kile kiliniambia kuna kitu anaficha. Mama wa duka alipoanza kufagia alikuja akakaa kiti cha daktari. Tulikaa tukitazama simu kama watu wanaotazama sufuria isiyochemka.

Jumamosi iliyofuata ililia asubuhi, kabla sijavua koti.

"Subiri," mume wangu alisema. "Kuna mtu hapa."

Nikasikia mvutano kidogo, kitu kikagonga kitu, kisha pumzi nzito karibu sana na sikio langu.

"Haloo," sauti ilisema, kubwa, kama inayoita mtu ng'ambo ya mto.

Mama wa duka alikuwa ameshazima mashine.

"Mama. Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona sauti iko kama ndani ya mtungi?"

Hata hapo sikuamini. Nilidhani wamemtafuta shangazi mmoja anayefanana naye sauti. Ndipo akaanza Kindamba, lugha yetu ya nyumbani, akaniuliza kama nakula chakula cha kushiba au ni mikate tu, na kama kichwa nakifunika kwenye baridi, na alivyovuta neno la mwisho hakuna anayevuta hivyo isipokuwa yeye. Nikalia. Aliningoja nimalize.

"Nilikuwa kwa Wasukuma," alisema.

Akanisimulia. Maji yalikuja mchana, si kwa kupanda bali kwa kutembea, yakilaza mpunga. Dungu lilianza kuinama. Karibu na shamba lake kulikuwa na familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wamejenga kwenye kichuguu kikubwa. Mama hakuwa na maneno mazuri nao. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wameingia mpunga wake, na kesi ilikuwa imefika kwa mwenyekiti wa kijiji. Yule bwana alikuja majini, maji kifuani, ameshika mkia wa dume la ng'ombe, akamwambia mama ashuke ashike pembe. Mama alishuka. Alikaa kwao mpaka maji yalipotulia, akila michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na maziwa, akilala na watoto wao. Hakuwa na njia ya kumpelekea mtu habari.

"Wamenifundisha kusalimia," alisema. "Asubuhi wanasema mwangaluka."

Nilicheka huku nalia. Kisha nikaanza kuogopa upya, maana nyuma yake nilimsikia mume wangu akisema kwa sauti ya chini, "Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana wewe na nani?" mama alimjibu. "Huyu nimemzaa mimi. Ni afadhali alisikie kwangu." Akarudi kwangu. "Mwanangu, umekaa?"

"Nimekaa," nikasema, nikiwa nimesimama.

"Mjomba wako alinifuata kwa mtumbwi. Watu walimkataza. Alifika kwenye dungu, dungu halipo. Akadhani nimechukuliwa na maji, akawa ananitafuta kwenye matete mpaka giza. Mtumbwi uliokotwa. Naye wamemwokota baadaye." Pumzi yake ikapita kwenye waya. "Tumeshamzika. Kazikwa vizuri. Wewe tulia huko, maliza kazi uliyokwenda kufanya."

"Sawa, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akamrudishia mume wangu simu bila kuaga, kwa kuwa hakujua kwamba simu nayo huagwa. Mume wangu aliniambia nimsamehe. Alisema mara ile ya kwanza hawakujua mama yuko hai au la, na mjomba alikuwa bado hajaonekana, na Jumamosi ya pili walikuwa makaburini. "Ningekuambia nini?" aliuliza. Mpaka leo sijui ningetaka aniambie nini.

Nilipoweka simu mahali pake daktari alikuwa amefika, amesimama mlangoni, maji yanachuruzika kwenye mwavuli. Niliwaambia wote wawili pale pale kwamba mama yuko hai, na kwamba aliyemfuata amekufa. Nilisema maneno hayo kwa Kiingereza na yalisikika mafupi mno, kama habari ya watu wengine.

Daktari alimgeukia mama wa duka wakazungumza kidogo. Mama wa duka aliinua nyusi, kisha akaenda kugeuza kibao cha mlangoni, upande unaosema pamefungwa. Jumamosi asubuhi, saa ya biashara. Akatoa sufuria bapa kutoka jikoni kwake nyuma na kikombe cha buni mbichi. Daktari alivua koti, akaziosha buni, akazikaanga juu ya jiko dogo la gesi, akizitikisa bila kuacha, na zilipoanza kutoa moshi aliizungusha sufuria mbele ya nyuso zetu ili tuvute harufu.

"Kwetu wakija watu kwenye msiba tunakaanga hivi," alisema. "Mtu anakunywa mara tatu. Akinywa mara moja akaondoka, hakuja kulia nawe."

Tulikaa. Wateja walikuja wakasukuma mlango, wakasoma kibao, wakaondoka. Daktari aliniambia nimweleze mjomba. Nikawaeleza alivyokuwa anavuta tumbaku huku amefumba jicho moja, na alivyokuwa hawezi kupita nyumbani mikono mitupu, hata kama ni kambale mmoja kwenye kamba. Nikawaeleza mabega yake, jinsi yalivyonuka samaki na jinsi nilivyoinua daftari juu ya kichwa ili lisilowe. Mama wa duka aliuliza jina lake, nikalitaja, akajaribu kulitamka. Alikosea, akajaribu tena mpaka akaliweza. Tulikunywa mara tatu. Ya tatu ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe, na ndiyo ya kwanza katika mji ule niliyoionja kweli.

Nilimaliza mafunzo. Sitasema nilitulia. Kila faksi ilipoingia mtu akaita jina langu, niliisoma kuanzia chini. Lakini mikono ilirudi kazini, na slaidi ziliacha kutikisika.

Nilifika Ifakara kiangazi kimeanza, vumbi limerudi barabarani. Siku ya pili mume wangu na mimi tulikwenda Mofu. Mke wa mjomba alikuwa anapepeta mchele mbele ya nyumba. Aliponiona aliweka ungo chini, akafunga khanga vizuri kiunoni, ndipo akaanza kulia, na mimi nikaanguka magotini pake. Matanga yalikuwa yameshakwisha siku nyingi, lakini majirani waliposikia walikuja, wakakaa nasi, kwa ajili yangu niliyechelewa. Hakuna aliyenilaumu. Mke wa mjomba alisema jambo moja tu, tulipokuwa tumetulia. "Alikuwa anauliza kila siku kama huko uliko kuna mto."

Mama alinipeleka kwa Wasukuma wake. Tulibeba mchele kwenye kapu. Mke wa yule bwana alitukaribisha, mama akasema mwangaluka ingawa ilikuwa mchana, watoto wakamcheka, naye hakujali. Kesi ya ng'ombe na mpunga haikutajwa. Baadaye nilisikia kwamba ilirudi kwa mwenyekiti mwaka uliofuata, kwa ng'ombe wengine, na mama alikwenda kudai fidia yake kama kawaida, kisha jioni akapita kwao kunywa maziwa.

Nilimwomba ahamie kwetu Katindiuka. Nilimweleza usiku niliokosa usingizi, na simu, na Jumamosi zile. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mbegu.

"Na mpunga ataulinda nani?" aliuliza.

Masika yaliyofuata alijenga dungu jipya, safari hii jirani kabisa na kichuguu cha Wasukuma. Kila mvua ilipoanza kupiga bati la nyumba yetu, mume wangu alinikuta nimesimama dirishani, nikitazama upande wa Mofu.